Karura au Milima ya Ngong: umpeleke wapi mbwa wako baridi ya Julai?

Ikifika katikati ya Juni na jua la Nairobi likaanza kujificha siku tatu nne mfululizo, majirani wenye mbwa huniuliza swali moja: Jumamosi twende wapi? Mbwa aliyekaa uani tangu Jumatatu hana habari na baridi ya watu. Anakwaruza geti. Na baridi yenyewe inampendeza, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Februari, saa nne asubuhi, ulimi uko nje tayari na anatafuta uvungu wa gari. Julai anatembea hadi saa saba mchana na bado anavuta kamba. Kwangu mimi, Juni hadi Agosti ndio msimu bora wa kutembea na mbwa katika mji huu, na inaniuma kuona wengi wamejikunja barazani eti kuna baridi.

Kwa mtu anayeishi mjini na asiyetaka kuendesha gari nusu siku, mahali pa kwenda ni pawili: Msitu wa Karura na Milima ya Ngong. Kote nimepita na mbwa kwa miaka sita sasa. Watu wengi huchagua kwa kufikiria mandhari, au foleni ya barabarani. Mimi huwaambia waanze na manyoya ya mbwa wao.

Nina mbwa wawili. Simba ni wa kienyeji, rangi ya udongo, miguu mirefu, manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi. Ukimpapasa ubavuni unahesabu mbavu. Ana miaka 11. Pamba ni Japanese Spitz wa miaka 4, mweupe, na manyoya yake ni tabaka mbili: ya juu marefu na magumu kidogo, ya chini mafupi na laini kama sufi. Mvua ikinyesha nikayapanua kwa vidole, ngozi naikuta kavu. Simba, mvua hiyo hiyo, dakika tano zinatosha kumlowesha chapachapa. Wanakula chakula kimoja na kulala baraza moja, lakini baridi wanayoisikia si moja.

Baridi ya juu na baridi ya chini

Karura iko kwenye mwinuko wa mji wenyewe, mita 1,700 hivi. Kilele cha Ngong ni mita 2,460. Hewa hupoa nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo alfajiri ya Julai kipimajoto kikisoma nyuzi 12 nyumbani kwako Kilimani, kule juu ni 7 au 8. Baridi ya namna hiyo peke yake haimdhuru mbwa mzima mwenye afya. Kinachomdhuru ni upepo na unyevu vikikutana. Mashine za umeme wa upepo zimesimama Ngong tangu 1993, na leo zimejipanga juu ya mgongo wa milima. Zilipelekwa pale kwa sababu upepo haulali. Mbwa huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa katikati ya manyoya. Upepo unaifukuza hewa hiyo, na manyoya yakishalowa kwa ukungu hakuna tena pa kuinasia.

Hili nililijifunza kwa gharama ya Simba. Julai moja niliwapeleka wote wawili Ngong. Tulipita getini saa moja asubuhi, ukungu umeshuka kiasi kwamba mashine iliyokuwa mbele yetu hatukuiona kabisa, tukaisikia tu inavyokata hewa: vuu, vuu, vuu. Pamba alikuwa mbele, mkia juu. Tulipofika kilima cha tatu Simba akaanza kuinua mguu mmoja mmoja kama anayekanyaga makaa. Kisha akaketi akaupa upepo mgongo. Nilidhani ni uzee, nikamvuta kidogo, hakuja. Nilipomshika, masikio yalikuwa ya baridi kama chuma cha geti, na paja la nyuma lilitetemeka bila kupumzika. Matone madogo ya ukungu yalikuwa yamekaa juu ya kila unywele wa mgongo wake. Nilivua koti nikamfunga, nikashuka naye upande usio na upepo, nikamkumbatia pale chini hadi mtetemo ukapungua. Kondoo walikuwa wakila majani hatua chache kutoka kwetu na hakugeuza hata kichwa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana Simba hajawahi kuwaona kondoo akanyamaza.

Daktari wa mifugo alinieleza baadaye kwamba kutetemeka bado ni habari njema: mwili unapigana. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na ushee. Likishuka chini ya 37 mambo yameanza kuharibika, na mbwa aliyeacha kutetemeka huku analegea na anataka kulala ni wa kufungwa blanketi na kukimbizwa kwa daktari, si wa kuendelea na safari. Tangu siku hiyo Simba hajapanda Ngong msimu wa baridi, wala hatapanda.

Karura inampa nani raha

Ukiingia Karura asubuhi ile ile yenye upepo, unausikia juu ya miti tu. Chini kumetulia. Kwa mbwa mwenye manyoya mafupi, mbwa mzee, mtoto wa miezi mitano, au aliyetoka kuugua, hilo peke yake linamaliza mjadala. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu hawalifikirii mpaka yawafike: Karura unaweza kukata safari. Msitu una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, njia zinapishana kila mahali, na makutano yamewekewa namba. Simba akionyesha kuchoka, naangalia namba, nachukua njia fupi, dakika ishirini tuko kwenye gari. Ngong njia inafuata mgongo wa milima. Kutoka geti la upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi ni zaidi ya kilomita 10, na ukishafika katikati, kurudi na kuendelea ni mamoja. Jina la Kona Baridi halikuzuka hivi hivi.

Njia yangu na Simba ni ya kwenda kwenye maporomoko na mapango yale waliyojifichia Mau Mau, kisha kurudi taratibu. Udongo mwekundu ukilowa unateleza, hasa kwenye ngazi za kuteremka mtoni, na mbwa mzee kiuno chake si cha kuteleza, kwa hiyo mvua ikiwa imenyesha usiku tunabaki juu kwenye barabara pana. Kila nikipita pale humkumbuka Wangari Maathai na wenzake waliopigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti ili msitu usigawanywe viwanja. Bila wao, hii leo ingekuwa makala ya kulinganisha Ngong na uwanja wa maegesho.

Ubaya wa Karura ni kwamba mbwa hawi huru hata dakika moja. Kamba ni lazima, na kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mle ndani kuna paa wadogo na funo wanaokufa kwa mshtuko hata kabla ya jino kuwagusa, kuna pongo, kuna mbega waliorudishwa msituni kwa jasho la watu. Kuna kima pia, na kima anajua kabisa kwamba mbwa amefungwa. Atashuka tawi la chini, aketi, amtazame Pamba usoni. Pamba huwa anageuka wazimu, mkono wangu unakaribia kuchomoka begani. Ongeza baiskeli zinazotokea konani, wakimbiaji, na familia zenye watoto siku ya Jumamosi. Mbwa mwenye woga wa watu au mwenye ugomvi na mbwa wenzake utamtesa pale wikendi. Mpeleke Jumanne asubuhi.

Ngong inampa nani raha

Pamba. Na German Shepherd, na mbwa yeyote mwenye manyoya ya tabaka mbili, miguu mizima na umri wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka saba minane hivi. Mbwa wa namna hii Karura humwacha na nguvu ambayo ataimalizia kwenye viatu vyako jioni. Ngong inammaliza. Kupanda, kushuka, kupanda tena, upepo ukimletea harufu ya nusu ya Bonde la Ufa. Ukungu ukifunguka mnamo saa nne, upande mmoja unaona mji, upande wa pili ardhi inaporomoka hadi bondeni, na nimemwona Pamba akisimama ukingoni dakika nzima, pua juu, macho nusu yamefumba. Sijamwona akifanya hivyo mahali pengine.

Lakini Ngong ni malisho ya watu. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wanalisha pale kila siku, na mchungaji ana mbwa wake anayejua kazi. Mbwa wa mjini akikimbiza kondoo, mwenye kondoo ana haki ya kukasirika na mbwa wake ana haki ya kulinda. Kamba tena, basi, ingawa huku unaweza kutumia ndefu ya mita tano. Chukua askari wa msitu pale getini atembee nanyi, hasa mkiwa watu wawili watatu. Na kabla hujaondoka nyumbani uliza utaratibu wa siku hiyo kuhusu mbwa, malipo na saa za kufunga.

Na kuna mavi ya ng'ombe. Hapa naomba usikilize kama una mbwa mlafi. Kuna mnyoo unaoishi kwenye umio wa mbwa, Spirocerca lupi, ambao tumekuwa nao Nairobi miaka mingi. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa, yanaliwa na wale mbawakawa wanaojilisha kwa mavi, na mbwa akimmeza mbawakawa mnyoo unahamia kwake, unapita kwenye mshipa mkuu wa damu na kujenga uvimbe kwenye umio. Uvimbe huo unaweza kugeuka saratani. Mbwa anayetapika chakula kizima kizima, au anayemeza kwa shida huku anapungua, apelekwe kwa daktari bila kungoja. Kwa hiyo Ngong simruhusu Pamba kuchokonoa mavi, na dawa ya minyoo tunapanga na daktari tukimwambia wazi mahali tunapotembea, maana dawa za kawaida za dukani hazitoshi kwa huyu.

Kupe wako kote kuwili, baridi au jua. Tukirudi nyumbani hupitisha vidole ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Mbwa akilegea wiki mbili baada ya matembezi, fizi zikipauka au mkojo ukiwa mweusi, usidhani ni mafua ya Julai. Hiyo ni homa ya kupe hadi daktari aseme vingine.

Na theluji je?

Watoto wa jirani huniuliza, kwa kuwa Pamba anafanana na mbwa wa kwenye kadi za Krismasi. Theluji yetu iko Mlima Kenya, na mlima ule ni hifadhi ya taifa. Mbwa haingii, kama asivyoingia Nairobi National Park. Hilo lisikusumbue, wanyama wa porini wanapata magonjwa kutoka kwa mbwa wetu. Kuna kijiji cha Busara karibu na Nyahururu ambako Septemba 2008 mawe ya mvua yaliganda yakafunika ardhi nyeupe pee, watu wakatoka nje kuyashika kwa mikono. Na Kinangop, alfajiri ya Januari au Februari mbingu zikiwa safi usiku kucha, majani hushikwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Ajabu yake ni kwamba Julai yetu, kwa ubaridi wake wote, haileti sakitu kirahisi: mawingu yanafunika joto la ardhi kama blanketi.

Mwenye theluji ni dada yangu anayeishi Edmonton, Kanada. Yeye ana mbwa mchanganyiko mwenye damu ya Husky na kila Januari hunipigia simu ya video akiwa uwanjani, kope zimeganda. Mwaka huu nilimwambia naona baridi. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, huku hatuulizi kama kuna baridi. Tunauliza dakika ngapi." Nyuzi 5 chini ya sifuri, mbwa wake anacheza saa nzima. Ikifika 20 chini ya sifuri ni robo saa na viatu mguuni, kwa sababu ncha za masikio na mkia zinaweza kuganda hadi nyama ikafa. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inachoma nyayo, na mbwa akizilamba inamwumiza tumbo. Theluji laini inajikusanya kuwa vidonge katikati ya vidole, mbwa anachechemea. Yeye hupaka nta ya nyayo kabla ya kutoka na kuosha kwa maji ya vuguvugu wakirudi. Maji yanayozuia injini kuganda ndiyo anayoyaogopa kuliko vyote: yana utamu, mbwa anayalamba, na kidogo tu yanaua figo.

Nimemsikiliza miaka mingi na nimechukua kwake mambo mawili. La kwanza ni kuosha na kukagua nyayo kila tunaporudi. Matope yetu mekundu yakikauka katikati ya vidole yanakuwa kama kokoto, na Simba alichechemea siku mbili kabla sijaligundua bonge moja dogo lililoshikamana na manyoya. La pili ni maji. Siku ya baridi mbwa hakumbuki kunywa, lakini anapoteza maji kwa kila pumzi. Mpe kila baada ya nusu saa. Usimwachie mito ya Karura, inatoka mitaani. Beba chupa ya chuma, maana tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na hifadhi zetu.

Viatu nimeviacha Kanada. Nilimvalisha Simba mara moja Karura. Kimoja kilibaki kwenye matope tulipofika makutano ya pili, na vingine vilijaa maji. Nyayo za mbwa zina mishipa ya damu inayopashana joto, ile inayoshuka ikiipasha inayopanda, na kwa baridi ya nyuzi 8 hazihitaji msaada.

Nguo

Pamba havai kitu. Mbwa mwenye tabaka mbili ukimvalisha unayalaza manyoya yake na kumwondolea ile hewa inayomlinda. Simba anavaa, lakini si kama nilivyoanza. Nilinunua Gikomba sweta ya mtoto, nzuri, ya sufi nene, nikakata mikono. Asubuhi kavu ilifaa. Asubuhi ya manyunyu ilinywa maji ikawa nzito, ikamning'inia tumboni, na alikuwa na baridi kuliko kama angekuwa mtupu. Sasa fundi wa mtaani amemshonea koti la kitambaa cha mwavuli, ndani kuna flizi nyembamba, linafunika mgongo na kifua na kuacha mapaja huru. Kama utamnunulia mbwa wako kitu kimoja msimu huu, kiwe hicho, halafu taulo kubwa kuukuu ikae ndani ya gari.

Gari ni suala pia. Matatu ya Ngong makanga hatakubali mbwa, na teksi nyingi za simu ni hivyo hivyo. Mpigie dereva kwanza umweleze ukubwa wa mbwa, na beba shuka. Karura ni karibu kwa wa Westlands, Parklands, Runda na Kiambu Road. Wa Karen, Rongai na Kiserian wana Ngong mlangoni. Kwingineko tofauti ya mafuta si kubwa kiasi cha kuamua badala ya mbwa. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mfukoni popote uendako.

Ukiwa na mbwa mmoja huna tabu: papasa manyoya, hesabu miaka, tazama wingu lilivyokaa juu ya Ngong ukiwa bado nyumbani. Likiwa limekaa juu ya vilele kama kofia, hata mwenye manyoya mazito mngoje hadi saa nne. Ukiwa na mbwa wawili wasiofanana kama wangu, wagawanye. Mimi nilichelewa kukubali hilo kwa sababu niliona ni dhambi kumwacha mmoja. Jumamosi hii mpwa wangu anamchukua Pamba kwenda Ngong na askari, saa tatu na nusu, kamba ndefu. Mimi na Simba tuna koti letu jipya na barabara pana ya Karura, mwendo wa mzee, hadi pale anapopenda kusimama na kunusa mkaratusi ule ule kila wiki.